Kiapo juu ya Jembe la Baltazari

Wifi yangu Coleta hasahau. Nalisema mapema ili mtu asije akadhani nataka kumpamba. Ukimkosea leo atakuitikia salamu, atakusogezea kigoda, atakumiminia togwa, na kosa lako atakuwekea kama kiporo mpaka siku ya kukipasha moto. Mimi ni Fortunata, dada wa marehemu mume wake. Nimekaa naye jirani tangu alipoletwa kuolewa kutoka Muze, kule bondeni kwenye joto, msichana mwembamba aliyelia kwa baridi ya huku kwetu juu na kujifunga khanga mbilimbili kichwani. Nampenda. Lakini upole sitamsingizia.

Kijiji chetu kiko juu kidogo ya Mwazye, na nyumba za upande wetu ni Jumuiya ya Mtakatifu Yoakimu. Kila Jumatano alasiri tunasali, leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Coleta ndiye mwenyekiti. Tulimchagua kwa sababu hamwogopi mtu, na mwenyekiti asiyeogopa ana faida yake, maana kwetu mtoto habatizwi, binti haolewi kanisani, wala maiti haizikwi kwa sala mpaka mwenyekiti wa jumuiya asimame mbele ya katekista aseme, "Huyu namfahamu, ni wetu." Maneno machache tu. Asiposimama, mtajizikia wenyewe kimyakimya kama mnaofukia mbegu.

Kaka yangu Baltazari alikuwa mtu wa maneno machache na jembe refu. Alilima intumba kama walivyolima baba zetu: mvua zikiwa zimekolea unafyeka nyasi, unazikusanya mviringo, unazifunika kwa udongo mpaka shamba lote linajaa vichuguu. Nyasi zinaoza ndani. Msimu unaofuata unavisambaza na kumwaga ulezi juu ya mbolea ile. Wenzake walimaliza tuta kwa kulipiga na mgongo wa jembe, wakasonga mbele. Yeye alikuwa na mtindo wake. Alichuchumaa, akaligongagonga tuta kwa viganja viwili taratibu, kama sisi Wafipa tunavyochuchumaa na kupiga makofi tunapomsalimu mkubwa. Watu walimcheka. Coleta hakucheka, alimletea uji shambani akakaa kumwangalia.

Mwaka ule alimaliza shamba lote mwezi wa tatu. Mwezi wa sita kifua kikamlaza na hakuinuka tena. Siku tuliyotoka makaburini, wifi alinishika mkono tukiwa bado na vumbi miguuni.

"Wifi, pombe ya kumbukumbu yake sinunui ulezi sokoni. Itatoka kwenye matuta yake haya haya. Hiyo ndiyo kazi yake ya mwisho, na watu watainywa."

Tukasambaza matuta sisi wawili, tukapanda. Niliwahi kuingia palizi bila yeye, akanifokea kana kwamba nimefungua sanduku lake la nguo. Ulezi ulitoka, ukashika, ukafunga vichwa vizito vyekundu. Mwezi wa tano alikuwa amekwisha noa visu vya kuvunia na kuosha mitungi.

Sasa niwaambie habari za Shija. Ng'ambo ya kijito chetu walikuwa wamehamia watu kutoka Usukumani, waliokaa Katavi kwanza miaka kadhaa wakifuata malisho. Shija ndiye mwenye mji ule: mtu mrefu, kofia pana, fimbo mkononi, sauti ya kuita ng'ombe walioko kilima cha pili. Alikuwa na mke, watoto na mama yake mzee, Bibi Kabula. Wakatoliki wote. Walipofika walitaka kuingia jumuiya yetu, na Coleta alikuwa ameshasema waje baada ya mavuno, tutawapokea.

Siku moja Shija alimpeleka mama yake Sumbawanga, hospitali, kwa ajili ya macho. Ng'ombe akamwachia mpwa wake. Mpwa akakuta pombe mahali, akalala. Ng'ombe hawakulala, na njia yao ya malishoni ilipita kando ya shamba la kaka yangu. Sisi tulikuwa msibani kijiji cha jirani, na tuliporudi mchana tulikuta shamba la Baltazari limekuwa uwanja. Kilichobaki kilikuwa kimekanyagwa kikachanganyika na mavi.

Mimi nilipiga yowe. Wifi hakupiga. Aliinama akaokota kichwa kimoja cha ulezi, akakipangusa kwa khanga, akakitia mdomoni kibichi hivyo hivyo na kukitafuna, akatema. Ndipo akasema, "Nimewajua hawa wa ng'ambo."

Shija alirudi kesho yake, na bila kupumzika akaja kwetu akivuta mtamba kwa kamba, mnyama mzuri, ngozi inang'aa. Hapa ndipo mambo yalipoharibika, nami nilikuwapo, sikusimuliwa. Kwao, mtu aliyekosea hutoa mnyama. Akitoa mtamba ametoa na wajukuu wa mtamba, na hilo ni jambo zito kuliko maneno. Kwetu, mtu aliyekosea huchuchumaa mbali, kwenye kona ya ua, anapiga makofi polepole, anangoja mpaka aliyekosewa aseme inuka. Malipo yanazungumzwa baadaye. Shija alisimama katikati ya ua, kofia kichwani, fimbo begani, akanyoosha mkono wenye kamba.

"Mama, ng'ombe wangu wamekosa. Pokea huyu."

Coleta alingoja achuchumae. Shija alingoja apokee kamba. Walisimama hivyo mpaka mtamba akaanza kula maua ya uani, na mimi nilisikia damu inanipanda kichwani kwa kuona kofia ile haivuliwi.

"Unaniletea mdomo uliomla mume wangu," wifi akasema, "uje ule na hapa?"

"Mama, nimekuja kwa heshima."

"Heshima gani inasimama wima hivyo? Ondoka na mnyama wako."

Akaondoka. Naye alikuwa amekasirika, mgongo ulionyesha. Kukataa mtamba kwao ni kama kumtemea mtu mate, hilo nimelijua siku hizi. Wakati ule hata kama ningelijua nisingelijali.

Tulipeleka shauri kwa wazee wa kijiji. Wakasema mtu amekwisha kubali kulipa, mama apokee ng'ombe, yaishe. Wifi akawauliza kama ng'ombe huyo akikamuliwa atatoa jasho la Baltazari. Wakaangaliana. Mmoja akacheka, na huyo mpaka leo akija kwetu anapewa kiti kibovu.

Jumatano iliyofuata sala ilikuwa kwa Coleta. Tulipomaliza rozari hakuruhusu watu watoke. Aliingia ndani akatoka na jembe la kaka yangu, mpini umeng'aa kwa viganja vyake, akaliegemeza chini ya msalaba ukutani.

"Kila nyumba itaapa," akasema. "Hakuna wa jumuiya hii atakayekanyaga kwa Shija. Si kwa heri, si kwa shari. Mbele ya Mungu."

Nilikuwa wa kwanza kulishika jembe. Niliapa kwa sauti, na roho yangu ilisuuzika. Wengine waliapa kwa hasira, wengine kwa kumwogopa yeye. Mzee Eustaki aliapa kwa sababu alitaka kuwahi nyumbani. Hakuna aliyeuliza kiapo kile kinaisha lini. Kilikuwa hakina mwisho, na hilo ndilo kosa tulilofanya kama watu wenye akili zao.

Basi kisasi kikaanza, na sitasema kilikuwa kibaya kwangu. Kilikuwa kitamu. Mke wa Shija alipokuja kijitoni tuliteka maji tukaondoka bila kumtazama. Mwezi wa rozari, sanamu ya Mama Maria ilipotembezwa nyumba kwa nyumba, ilipita kando ya kijito ikarudi. Tuliona watoto wa Shija wamefagia njia mpaka majini na kumwaga maua ya porini. Tukapita. Wimbo tuliupandisha juu zaidi ili wausikie vizuri.

Na wifi akachagua tusome habari za waamuzi wa Israeli. Hakuchagua kwa ucha Mungu. Alipenda vile watu wa Mungu walivyokuwa wakipigana na adui akianguka. Alipenda pia pale Gideoni alipoombwa atawale akakataa, akawaambia kwamba Mungu ndiye atakayewatawala. Coleta alifunga kidole kwenye ukurasa, akatuangalia mmoja mmoja.

"Mnasikia? Mfalme ni Yeye. Na mfalme kazi yake ni kuamua kesi. Mimi kesi yangu nimeshaipeleka kwake baada ya hawa wazee wa kucheka. Nangoja hukumu."

Kila sala aliimaliza kwa zaburi ile inayomwita Mungu mwenye kulipa kisasi ajitokeze na kuwapa wenye kiburi stahili yao. Aliisoma ameelekea kijitoni.

Kitu kimoja tu kiliniharibia utamu. Bibi Kabula, macho yakiwa yameshafunga kabisa, alikuwa akiletwa na wajukuu ukingoni mwa kijito kila Jumatano, ng'ambo yao, anakalishwa juu ya ngozi. Sisi tukisali nyumba yoyote iliyo karibu na kijito, yeye anasikia, na anajibu. Tukisema "Mtakatifu Maria," kutoka ng'ambo sauti ya kikongwe inasema "utuombee," imechelewa kidogo kwa sababu ya maji. Nilichukia sauti ile. Nilimwambia wifi tusalie nyumba za juu. Akasema, "Mwache. Asikie anachokikosa." Lakini niliona anapunguza mwendo kwenye litania, na sikumwuliza kwa nini.

Mwezi wa pili mwaka uliofuata, mvua ikiwa kali, Bibi Kabula alifariki asubuhi. Kabla ya saa sita Shija alikuwa kwenye ua wetu. Safari hii kofia ilikuwa mkononi na maji yanamtiririka usoni. Alisimama pale pale alipokuwa amesimama na mtamba.

"Mama Coleta, mama yangu ametutoka. Aliomba azikwe kwa sala na wimbo. Katekista amesema mpaka wewe useme unamfahamu."

Jamani, siku kama hiyo mtu huiomba akiwa jikoni peke yake. Niliacha kupepeta maharage. Nilitaka kuona.

Wifi alikuwa amekaa mlangoni anachambua mboga. Hakuinuka. Alichambua jani moja, jingine, akatupa mabua kando.

"Kabula?" akasema. "Simfahamu."

"Mama..."

"Simfahamu. Kwangu hajawahi kuingia, kwake sijawahi kuingia. Niseme namfahamu nimdanganye Mungu?"

Nilimwona anatafuta maneno, na Kiswahili kikamwishia, akasema kitu kwa Kisukuma peke yake, kisha akageuka. Alipofika njiani mabega yalikuwa yanatikisika. Nasema kweli nilifurahi. Nilimpiga wifi kofi la bega, nikamwambia Mungu ametoa hukumu. Yeye akaendelea na mboga. Baadaye niliangalia ungo wake: alikuwa ametupa majani na kubakiza mabua.

Katekista wetu, Modesti, alifika mchana kwa pikipiki, tope mpaka kiunoni. Ni mtu mwema asiyejua kugombana. Alibembeleza, akakuna kichwa, akabembeleza tena.

"Utaratibu ni utaratibu, Mama Coleta, siwezi kukuruka. Lakini bibi yule amesali kuliko wengi wetu."

"Jumuiya imeapa," wifi akamjibu. "Kuzika huko ni kwenda kwa Shija. Unataka tuvunje kiapo mbele ya Mungu?"

"Basi iiteni jumuiya, iseme yenyewe."

"Naiita. Uone itakavyosema."

Ilikuwa Jumatano hata hivyo. Watu wakaja na miavuli na mifuko ya plastiki vichwani, wakabanana sebuleni kwa Coleta, jembe likiwa bado chini ya msalaba tangu siku ile. Wifi akasema tutaanza na somo kama kawaida, tulikuwa tumebakiza mwisho wa habari za waamuzi, kisha tutapiga kura ya kumkataa Bibi Kabula. Akasoma mwenyewe. Ana sauti nzuri ya kusoma, haikwami.

Akasoma jinsi watu wa kabila la Benyamini walivyofanya uovu mkubwa, na makabila mengine yote yakakusanyika kama mtu mmoja kulipiza kisasi. Hapo sauti yake ilipanda, nasi tukakaa vizuri. Wakawapiga Wabenyamini mpaka wakabaki wanaume wachache mwambani. Na kabla ya hapo walikuwa wameapa kwa Mungu kwamba hakuna atakayempa Mbenyamini binti yake amwoe. Kisha akageuza ukurasa, na mambo yakabadilika. Wale wale walioshinda wakaenda mbele ya Mungu, wakakaa mpaka jioni wakilia kwa sauti kubwa, wakimwuliza kwa nini leo kabila moja limepungua katika Israeli.

Wifi akanyamaza. Ukurasa ulikuwa mbele yake, na mwanga ulikuwepo.

"Wanamwuliza Mungu?" akasema Mzee Eustaki. "Si wamelipunguza wenyewe?"

Mvua ilipungua kidogo juu ya bati, na mimi, mjinga mimi, nilijikuta nategea sikio ng'ambo ya kijito, nangoja lile jibu lililochelewa. Halikuja. Nikamwangalia Coleta, naye alikuwa ameinua kichwa anatega vile vile. Tulikamatana macho. Sikujua niweke wapi uso.

Akarudi kwenye kitabu akasoma yaliyobaki, haraka, kwa hasira, kama mtu anayemsomea mdeni wake deni. Wale watu hawakuweza kuvunja kiapo, wakatafuta upenyo: hawakuwapa Wabenyamini mabinti, waliwaambia wajifiche mashambani kule Shilo, wawakamate wenyewe mabinti wanapotoka kucheza ngoma. Mwisho kabisa mwandishi anasema siku zile Israeli haikuwa na mfalme, kila mtu alifanya alivyoona mwenyewe kuwa sawa.

"Uongo huo," wifi akasema, na watu wakashtuka. "Mfalme walikuwa naye. Gideoni aliwaambia. Walikuwa naye na wakafanya kama hayupo." Akafunga kitabu. Aliweka mikono juu ya jalada, taya linafanya kazi. Halafu nikaona kitu ninachokijua tangu ujana wake: pembe ya mdomo inainuka. Akanigeukia akanong'ona, "Wale wazee wa Israeli walikuwa na akili, wifi."

Akasimama.

"Tuliapa hatutakanyaga kwa Shija. Nani alisikia tukiapa kwamba wa Shija hawatakanyaga kwetu?"

Mzee Eustaki akainua kichwa.

"Modesti, panda pikipiki yako. Mwambie amlete mama yake hapa, nyumbani kwangu. Atalala chumba cha Baltazari, tutamwosha, tutamwimbia. Nitasimama na kusema namfahamu. Lakini mwambie na hili: mahali pa kaburi nachagua mimi. Akikataa, akafukie mwenyewe."

Watu wakaanza kupiga vigelegele, mmoja akasema Roho Mtakatifu ameshuka. Mimi sikupiga. Namjua wifi yangu. Nilimfuata jikoni.

"Unamweka wapi?"

"Katikati ya shamba la ulezi."

Kwa Wasukuma mama huzikwa uani kwa mwanawe, ili watoto wakue wanaliona kaburi. Kumtoa mama yako ukamlaze katika shamba la mtu mwingine ni kama kukiri huna mji. Na Shija anampenda mama yake kupita kiasi, kila mtu alijua.

"Sasa tuone," wifi akasema, akipuliza moto, "kama ng'ombe wake watapita tena pale."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikalia, na sitaki mtu aniulize nililia nini.

Shija alimleta mama yake kesho yake asubuhi, wanaume wa kwao wamembeba juu ya machela ya miti, wakavuka kijito maji yakiwa kifuani. Alikuwa ameambiwa sharti. Alikuwa na uso wa mtu aliyelipa kitu ambacho hakirudi. Tulimwosha Bibi Kabula, Coleta na mimi. Alikuwa mwepesi kama mganda wa majani. Vidoleni alikuwa na rozari ya mbegu alizotunga mwenyewe, zimelainika kwa kushikwa. Wifi aliiangalia sana. Kisha akaenda sandukuni akatoa shuka jeupe lililobaki la mazishi ya Baltazari, akamfunika nalo.

Shambani Modesti alipouliza, Coleta alisimama akasema kwa sauti ya kusikika ng'ambo: "Huyu namfahamu. Alikuwa anatujibu." Maneno hayo hayamo katika utaratibu, lakini Modesti aliyapokea.

Tulipokwisha kufukia, watu wakitawanyika, wifi alimsogelea Shija.

"Shija. Ng'ombe wako watapita wapi sasa?"

Shija alimwangalia. Niliona anaelewa, hatua kwa hatua, jinsi alivyowekwa.

"Watazunguka kilimani, mama," akasema. "Mimi mwenyewe nitawazungusha."

"Ni mbali."

"Ni mbali."

"Na shamba hili halitalimwa kwa plau. Ng'ombe hawaingii hapa. Mimi mikono imezeeka, na mume wangu unajua yuko wapi." Akamkabidhi jembe la Baltazari, lile lile la kiapo. "Kabla mvua hazijaisha nataka matuta."

Hivyo ndivyo mtu aliyezoea plau alivyofundishwa intumba na mimi Fortunata, na msinionee haya kama nilikuwa mwalimu mbaya. Nilimtukana kila tuta. Nilimwambia vichuguu vyake vimelala upande kama walevi. Alikuwa anakuja baada ya kuzungusha ng'ombe kilimani, jasho limekwisha mkauka, anaanza upya. Viganja vilipasuka. Coleta alikaa pembeni na bakuli la uji ambalo hakumpa. Aliangalia tu. Moyo wangu ulikula ukashiba.

Msimu uliofuata tulisambaza matuta, tukapanda, na mwezi wa sita pombe ya kumbukumbu ikanywewa, imetoka kwenye shamba lile, na Modesti akayataja majina mawili katika sala moja, Baltazari na Kabula. Kiapo hatukukivunja mpaka leo. Sisi hatuendi kwa Shija. Wa Shija ndio wanaokuja Jumatano, wote, na mwezi wa rozari sanamu huvushwa na watoto wake wenyewe, na kurudishwa na wao. Waisraeli walikuwa na upenyo wao kule Shilo, na sisi tuna wetu. Padri amesema atakuja kutufungua kiapo, na wifi amemjibu hakuna haraka.

Lakini mimi nikikumbuka jambo hili sikumbuki pombe. Nakumbuka siku ya mwisho ya matuta. Shija alikuwa amefika karibu na kaburi, akalima tuta la mwisho, akataka kulipiga na mgongo wa jembe.

"Si hivyo," wifi akasema kutoka pembeni. "Kwa mikono. Chuchumaa. Mwenye jembe hilo alimaliza kwa viganja."

Shija akaweka jembe chini. Akavua kofia, akaiweka juu ya udongo. Yule mtu mrefu akajikunja, magoti yakalia, akachuchumaa mbele ya tuta, akaanza kuligonga kwa viganja viwili vilivyopasuka, taratibu, pa, pa, pa. Ukisimama tulipokuwa tumesimama, ungeona mtu amechuchumaa mbali kidogo, kichwa kimeinama, anapiga makofi polepole na anangoja.

Wifi alinifinya mkono mpaka nikaumia.

"Mwone," akasema kwa sauti aliyodhani ni ya chini. "Anaomba radhi na hajui."

Shija hakuinua kichwa wala hakuacha kugonga.

"Najua, mama," akasema. "Tangu tuta la kwanza nilikuwa nangoja uniambie nichuchumae."

Coleta alisimama. Kwetu, aliyekosewa akisema inuka, yamekwisha. Alifungua mdomo. Alimtazama Shija, akatazama kaburi la Bibi Kabula, akatazama shamba lote, na machozi yalikuwa yanamshuka bila yeye kuyajali. Kisha akachukua lile bakuli la uji lililokuwa limepoa, akaenda akaliweka kando ya kofia.

"Kunywa," akasema. "Halafu rudia matuta ya upande ule. Yote hukuyagonga."